Faida ya Viazi vya Kigezi Yatoka Wapi?

Msafiri aendaye Kabale kutoka Kampala hukata zaidi ya kilomita 400 kuelekea kusini-magharibi mwa Uganda. Apitapo Ntungamo, vilima huanza kubanana, baridi huongezeka, na matuta ya ngazi huonekana yakipanda mlimani. Mengi ya matuta hayo yalikatwa tangu miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilipohimiza kazi hiyo ili udongo usichukuliwe na mvua. Hiyo ndiyo nchi ya Kigezi, ambako viazi ulaya ni chakula cha nyumbani, tena ni karo ya watoto na mabati ya nyumba.

Mgeni ayaonapo magunia kando ya barabara hudhani kwamba kila gunia ni faida. Sivyo. Eka moja huhitaji magunia yapatayo 8 ya mbegu, kila moja la kilo 100. Ichukuliwe kwa mfano kwamba eka hiyo imetoa magunia 30. Manane ni mtaji uliorudi tu. 22 yaliyosalia ndiyo yalipe vibarua, dawa ya ukungu na usafiri, kisha yalishe jamaa. Mbegu safi ikitoa magunia 60 katika eka ile ile, mbegu iliyotumika ni magunia yale yale 8, na palizi ni ile ile. Faida, basi, huanzia kwenye mbegu.

Adui mkubwa ni mnyauko wa bakteria. Hukaa udongoni, na hujificha ndani ya kiazi kinachoonekana kizima. Hakuna dawa ya kupuliza inayouponya. Kinga yake ni mbegu safi, na kulipumzisha shamba kwa kupanda mahindi au mtama misimu kadhaa. Lakini mashamba ya Kigezi yamegawanywa kwa urithi hata yakawa vipande vidogo, na mwenye robo eka hawezi kungoja. Hupanda viazi juu ya viazi, na ugonjwa huzidi.

Iko njia isiyohitaji fedha nyingi. Viazi vichanuapo, mkulima huchomeka kijiti kando ya kila shina lenye afya. Mashina hayo huvunwa peke yake, na viazi vyake huwekwa mahali penye hewa na mwanga hafifu, vikatoa machipukizi mafupi yenye nguvu. Hivyo hupunguza ugonjwa katika msimu ufuatao.

Jambo la pili ni soko. Wengi hupanda kwa mvua zile zile, huvuna kwa wakati mmoja, na kiazi hakivumilii ghalani kama mahindi. Hapo mwenye lori ndiye atajaye bei, na mara nyingi gunia hujazwa kupita mdomo wake. Wakulima wa Nyabyumba, wilayani Kabale, walilitambua hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walijiunga pamoja, wakapanda kwa zamu, wakaiuzia mikahawa ya Kampala kwa mapatano ya bei.

Askari aliyeko kambini, atumaye fedha nyumbani kwa ajili ya shamba, hufanya vema kuuliza mambo mawili kabla ya jembe kuingia udongoni: mbegu hiyo imetoka shamba gani, na siku ya kuvuna mnunuzi ni nani?