Daftari la Makaa

Kipupwe cha pwani hakifanani kamwe na baridi ya Kinangop. Nalitaja hili mapema kwa kuwa lugha yetu, iliyolelewa ufukweni, haikuturithisha msamiati mpana wa kuelezea mzizimo wa nyanda za juu. Tunasema baridi kali, baridi shadidi, kisha tunatindikiwa. Ndiposa mtu anayeamka mwezi wa Julai katika uwanda ulio takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, milima ya Aberdare ikiwa imejifunika ukungu, akakuta nyasi zimetanda sakitu, hulazimika kulitafuta neno hilo kamusini, ilhali miguu yake imekwisha kulijua.

Huku kwetu baridi hiyo hupigwa vita kwa makaa. Sisemi makaa ya mawe, yale yanayochimbwa ardhini. Hayo, pamoja na kuwa yamo katika bonde la Mui kule Kitui, hatujapata kuyatia mekoni mwetu. Nasema makaa ya miti, yale yapikwayo katika tanuri la udongo na kubebwa maguniani. Wenzetu wa nchi zenye majira ya baridi huhesabu makaa yao kwa tani. Wana majiko ya chuma yenye dohani, wana ghala la kuyahifadhia, na wameilipia gharama ya moshi wake. Ukungu wa moshi wa Desemba 1952 uliwaua maelfu ya watu jijini London, na sheria ya hewa safi ikapitishwa mwaka wa 1956. Mji wa Ulaanbaatar nao ulipiga marufuku makaa ghafi ya mawe Mei 2019. Sisi tunahesabu kwa gunia, kwa debe na kwa mkebe, na aghalabu hatuhesabu kabisa.

Mimi nilihesabu. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 31 Agosti 2024 nilipima kila karai ya makaa iliyochomwa nyumbani kwa nyanya yangu, mzaa baba. Sikusukumwa na udadisi wa kitaaluma. Ami yangu mkubwa, ambaye ndiye hutuma fedha za makaa kutoka Nairobi, alikuwa amepiga simu na kutoa hukumu: haiwezekani gunia zima liishe katika wiki mbili, nyumba ikiwa na mkongwe mmoja na msichana wa kazi. Kwa hivyo, alisema, msichana anayauza. Aliagiza alipwe mshahara wake wa mwezi na arudi kwao. Nyanya alikataa kata kata. Msichana mwenyewe, aliyekuwa akisikia yote kwa vile simu za wazee hupigwa kwa sauti ya juu, aliendelea kuosha vyombo bila kuinua macho. Nilikuwa nimerudi nyumbani kuandika tasnifu, nikaomba nipewe miezi mitatu.

Niliazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani anayenunua viazi, nikaifunga kwenye boriti ya stoo. Daftari nililigawa safu tano: tarehe, makaa ya kupikia, makaa ya kuota, idadi ya watu waliokaa motoni, na kiwango cha joto alfajiri nje ya dirisha. Makaa hayakutoka stoo kabla ya kupimwa. Msichana alijifunza kuisoma mizani siku ya kwanza, na kufikia wiki ya pili alikuwa mkali kuliko mimi. Niliwahi kuchota vipande vitatu vya kuongezea usiku, akanirudisha stoo navyo.

Jambo la kwanza lililobainika lilihusu gunia lenyewe. Tulinunua magunia sita katika msimu huo, yote kwa bei ile ile, kwa muuzaji yule yule. Zito zaidi lilikuwa na kilo 43, na jepesi zaidi kilo 31. Gunia la makaa, mpenzi msomaji, si kipimo. Ni umbo tu. Hushindiliwa au hulegezwa, huvalishwa kilemba cha vijiti na nyavu juu ya mdomo, hunyeshewa likawa zito kwa maji. Chini kabisa hubaki vumbi na chenga ambazo haziwashiki. Katika kilo 228 tulizozinunua, kilo 14 zilikuwa chenga. Ami alikuwa akilipia makaa akadhani ananunua uzani.

Jambo la pili ndilo lililonishughulisha zaidi. Tulichoma kilo 62 mwezi wa Juni, 78 mwezi wa Julai na 66 mwezi wa Agosti, jumla kilo 206. Nilipotenganisha safu, upishi ulikuwa umekula kilo 83 pekee, tena kwa utaratibu usiobadilika sana, chini kidogo ya kilo moja kwa siku. Zile kilo 123 zilizosalia zilitumika kumpasha binadamu joto. Haba na haba, kibaba kilikuwa kimejaa sebuleni, si jikoni.

Lipo hapa jambo ambalo wanaotusifia majiko bora wangelizingatia. Jiko la kauri, lile lenye kiuno chembamba na ukuta wa udongo ndani, lilianza kusambazwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sifa yake ya kupunguza makaa ni ya haki. Udongo wake huuzuia moto usipotee ubavuni, ukaelekezwa kwenye sufuria. Nyanya analo na hulipikia. Lakini jua likitua huliweka kando, akatoa jiko kuukuu la bati tupu lisilo na udongo wowote, kwa sababu ubavu wake hugeuka mwekundu na kumfikia magotini. Analichagua kwa ubadhirifu wake. Hesabu za kuokoa makaa ambazo hupima sufuria peke yake zitaikosa nyumba kama hii kila mwaka kuanzia Juni.

Isitoshe, hili ni jiko lisilo na dohani. Lilibuniwa kwa ajili ya chungu, nasi tumelifanya la kumwotesha mtu ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa yanapoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamshwi na kikohozi. Kila siku ami aliposhauri kwa simu kwamba tuzibe nyufa za madirisha ili joto lisitoroke, nilimjibu kwa heshima kwamba ufa ule ndio unaomlinda mama yake. Nilitamani makaa yapungue, lakini si kwa njia hiyo. Tulikubaliana na Nyanya kwamba jiko litoke nje kabla ya yeyote kupanda kitandani, hata likiwa bado linawaka. Moto huo uliomwagwa uani umo katika zile kilo 123, na siuhesabu kuwa hasara.

Sina budi kuutaja mti pia. Tanuri la udongo hutoa kilo moja ya makaa kutoka kwa kilo tano hadi kumi za kuni. Kwa hiyo kilo 206 zilikuwa zaidi ya tani moja ya mti, pengine mbili. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Marufuku hiyo iliongezwa tena na tena hadi ilipotangazwa kuondolewa Julai 2023. Katika miaka hiyo yote Nyanya hakukosa makaa hata wiki moja. Yalipanda bei, yakaletwa usiku.

Ami alikuja mwanzoni mwa Septemba. Alilisoma daftari kwa kituo, kidole kikifuata mistari, akiwa amevaa koti ndani ya nyumba. Alikomea kwenye Jumapili ya tarehe 21 Julai: joto la alfajiri nyuzi 6, makaa ya kuota kilo 3.4, watu saba.

"Hawa saba ni akina nani?"

Nilikuwa nikijipanga kujibu, Nyanya akanitangulia. "Wanne ni watoto wa jirani. Mama yao hupanga foleni ya maziwa gizani, na kwao hakuna moto. Ulitaka niwafungie mlango?"

"Sikusema hivyo, mama."

"Ulisema msichana anaiba. Ukamsema akisikia."

Ami hakuwa mtu wa kuomba msamaha mbele ya watoto, na hakuuomba. Alimwita msichana, akamuuliza yeye, si mimi, jinsi mizani inavyosomwa. Alionyeshwa. Akakaa stoo kitambo, akipima gunia lililokuwa na kilo nane zilizosalia, kisha akatoka akiuliza bei ya mbao. Mwezi wa Oktoba fundi alipigilia dari sebuleni, mahali ambapo awali hapakuwa na kitu baina yetu na mabati, na joto lilikuwa likipanda na kuishia huko. Madirisha hayakuguswa.

Msichana yungali pale, na mshahara wake uliongezwa, ingawa sababu haikutamkwa. Daftari sasa ni lake. Mwezi wa Juni 2025 aliandika kilo 49, kumi na tatu pungufu ya Juni iliyotangulia. Huenda ni dari. Safu yake ya joto inaonyesha pia kwamba alfajiri za mwezi huo zilikuwa na nafuu kidogo, na watoto wa jirani walikuwa wamepata jiko lao. Chini ya safu ya watu ameongeza ya sita, ambayo mimi sikuifikiria: saa ambayo jiko lilitolewa nje.