MAAF: SAMAHANI YA NJE NA YA NDANI



Ndugu zangu katika imani, nilipokuwa Hija, mzee mmoja wa Kiindonesia alinikanyaga mguu katika msongamano wa Mina. Akaweka mkono kifuani akasema: "Maaf, maaf." Mimi nikasikia "maafa". Nikasema moyoni, amenikanyaga, na bado ananiombea balaa!

Mwenzangu wa hemani aliyewahi kusoma Malaysia akacheka sana. Akaniambia: "Sheikh, hiyo ndiyo samahani yao."

Neno hili Wamalay na Waindonesia wamelipata katika Kiarabu, kama sisi tulivyopata mengi. Maafa yetu yana shina jingine kabisa. Maaf shina lake ni ayn, fa, waw, na humo ndimo ilimotoka afya yetu. Waarabu hulitumia shina hilo hata kwa upepo unaofuta nyayo mchangani. Basi afwu ni kufuta kosa mpaka alama yake isionekane.

Na siku ya Idul Fitri wao huambiana: "Mohon maaf lahir dan batin." Yaani, naomba msamaha wa dhahiri na wa batini.

Hapo nilinyamaza. Mimi na mdogo wangu tuligombea kiwanja cha marehemu baba. Wazee wakatupatanisha, nikampa mkono mbele yao. Dhahiri nilisamehe. Batini, kila nikimwona nilikuwa nahesabu hatua za mpaka. Na mimi ndiye ninayewasalisha watu!

Nikamkumbuka Sayyidna Abubakar. Alikuwa akimsaidia jamaa yake Mistah kwa mali. Mistah alipoingia katika uzushi dhidi ya Bi Aisha, Abubakar akaapa hatampa kitu tena. Ikashuka aya ya 22 ya Suratun Nur: wasamehe, kwani wao hawapendi Allah awasamehe? Abubakar akasema anapenda, akamrudishia Mistah matumizi yake yote. Binti aliyesingiziwa ni wake, ndugu yangu. Kiwanja ni nini?

Usiku ule nikampigia simu mdogo wangu. Nikamwambia: "Nisamehe, ya nje na ya ndani." Akanyamaza, kisha akauliza: "Kaka, unaumwa?"

Nikamjibu: "Nilikuwa naumwa."

Na wewe unayesoma, yuko nani uliyempa mkono ukamnyima moyo? Usingoje Idi. Mtafute leo.

Ewe Mola, Wewe ni Mwingi wa kusamehe na unapenda kusamehe, basi tusamehe. Amin.

Wallahu a'lam.