Alama Hurudisha Mali
Tulipotoka Kitengela kuelekea Kajiado kwa njia ya Isinya, tuliwaona ng'ombe wa Wamaasai wenye chapa za koo zao. Akipotea mmoja, chapa humrejesha kwa mwenyewe. Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) alimwamrisha mwenye kuokota kitu akijue chombo chake na kamba yake, kisha akitangaze mwaka mzima.

Mwenyeji wetu wa Kitengela, mama mjane, alisahau ndegeni mkoba uliokuwa na pete ya marehemu mumewe. Alilitajia shirika la ndege tarehe, nambari ya safari, kiti, na uzi mwekundu aliofunga mkobani, akarudishiwa.

Enyi akina mama, kabla ya Umra, tieni mizigo yenu alama.