Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Wapenzi wa roki wa Afrika Mashariki wanapokutana kuisikiliza upya albamu ya Queen, A Night at the Opera (1975), mjadala huelekea kwa Freddie Mercury, mzawa wa Unguja, na utungo wake mashuhuri, Bohemian Rhapsody. Hata hivyo, anayeisikiliza albamu nzima, bila kuruka wimbo, hugundua kwamba wote wanne walitunga. You're My Best Friend ni wake John Deacon. '39, kisa cha wasafiri wa angani wanaorejea na kukuta miaka mingi imepita, ni wake Brian May. Roger Taylor naye analiimbia gari mapenzi. Kujivunia mzawa wa Unguja ni haki. Kuwasahau wenzake watatu ni kuipunja kazi yenyewe. Albamu ni diwani. Haihukumiwi kwa shairi moja.