Kofia ya Askari

Wadau, rafiki yangu aliyeko Hamburg kaniomba nimtafutie kofia ya askari wa Mjerumani. Ile tarbushi yenye kitambaa cha kaki na tai mbele. Anazikusanya, anazipanga kwenye kabati la kioo. Anataka isiyochakaa!

Nikazunguka Ngamiani nzima. Mzee mmoja akacheka: "Mjukuu wangu, zile zilivaliwa zikaisha."

Novemba 1914 askari hao waliwashinda hapa hapa Tanga Waingereza na jeshi lao kutoka India. Sifa akazoa Lettow-Vorbeck (na nyuki). Malimbikizo ya mishahara yakaja 1964, Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa waliobaki hai. Inasimuliwa kwamba kule Mwanza wazee wengi hawakuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Mlipaji akawapa fagio washike kama bunduki, akawaamrisha kwa Kijerumani. Eti hakuna aliyekosea. Miaka hamsini, jamani!

Nimemwandikia rafiki yangu kwamba kofia nzima sikupata. Akajibu haraka: je, vipande vipo?

Sijamjibu mpaka leo.