Mbwa Mwenye Pembe

Nilimchora maksai wa mtu vibaya, nikachukua hela yake, na mwenyewe aliponiambia nimekosea nikamjibu kwamba huo ndio mtindo. Mambo matatu. Mawili ya kwanza ningeweza kuyasimulia kilabuni watu wakacheka. La tatu sijawahi kumwambia mtu.

Nimezaliwa Lusewa. Wazee wangu mpaka leo wakiulizwa kwao husema Songea, ingawa Namtumbo ilishakuwa wilaya yake yenyewe tangu 2002. Utotoni mwangu ng'ombe walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Wilaya yetu imo kwenye ushoroba wa wanyama unaotoka Selous kwenda Niassa, Msumbiji, na pori hilo la miombo lina mbung'o. Penye mbung'o kuna nagana, na penye nagana ng'ombe hadumu. Sisi tulifuga mbuzi na kuku. Maziwa niliyoyajua yalikuwa ya kopo.

Uchoraji nilijifunzia Dar es Salaam, kwa fundi wa Tingatinga. Nilijivuna sana kwamba Edward Saidi Tingatinga ni wa mkoa wetu: alizaliwa 1932 upande wa Nakapanya, Tunduru, na 1968 akaanza kuchora mjini kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakimdhania mhalifu. Alichora miaka minne tu, na sisi wengine tunakula kwa jina lake hadi leo.

Wenzangu walipenda twiga na chui. Mimi nilishikwa na ng'ombe. Chui ni madoa, pundamilia ni mistari. Ukishajua kuyapanga, mkono unakwenda wenyewe. Ng'ombe ana mwili. Nafungua kopo kwa bisibisi, nakoroga mpaka mafuta yaliyojitenga juu yarudi chini, natia tina kidogo, harufu inanipanda kichwani. Navuta mgongo kwa brashi moja, bila kuinua mkono, kutoka kwenye shina la mkia hadi kwenye nundu. Halafu, kabla kahawia haijakauka, naingiza nyeupe kidogo juu ya nundu na kuivuta kwa ncha ya brashi mpaka rangi mbili zisijulikane zimeachania wapi. Hapo nasahau kula. Nimechora ng'ombe wa mabucha, ng'ombe wa watalii, ng'ombe wa ukutani kwa kinyozi. Wote niliwatoa kwenye kalenda na kwenye pakiti za maziwa.

Nikarudi nyumbani. Miaka hiyo wafugaji walikuwa wameanza kushuka kwetu na makundi yao, na mmoja wao, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, akaja barazani kwangu. Alikuwa na maksai aliyelima naye misimu mingi. Amezeeka, anakwenda mnadani, ila kabla hajaenda anataka picha yake. "Nichoree anavyoinuka asubuhi," akasema. "Ndivyo ninavyomkumbuka. Njoo alfajiri zizini umwangalie, fundi."

Nikamwambia, "Mzee, usihangaike. Ng'ombe nimechora zaidi ya mia."

Zizi lake halikuwa mbali. Kwa baiskeli ningefika jua halijatoka. Sikwenda. Nilipokea nusu ya malipo, nikakata hadibodi, nikampaka maksai wake kwa siku tatu, na sijawahi kufurahia kazi kama ile. Nundu ilitoka kama unaweza kuishika.

Alipokuja kuchukua picha aliitazama muda mrefu. Aliweka kidole karibu na miguu ya mbele, bila kugusa rangi.

"Fundi, ng'ombe hainuki hivi."

Nilikuwa nimemwinua mbele kwanza: kifua juu, miguu ya mbele imenyooka, makalio bado yako chini. Mzee akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto. Ng'ombe hutanguliza nyuma. Anabaki amepiga magoti ya mbele, anapandisha makalio, anatulia kidogo kama anayesujudu, ndipo anasimamisha mguu mmoja wa mbele, kisha wa pili. Anayeanza na kifua ni mbwa.

"Umenichorea mbwa mwenye pembe," akasema. Hakuwa amekasirika. Aliulizia kama inarekebishika.

Ingerekebishika, kama ningekwenda kumwona maksai. Lakini alikuwa ameshauzwa mnadani Jumamosi ile. Nami badala ya kusema nimekosea, nikasema, "Mzee, huu ni mtindo wa Tingatinga. Sisi hatuchori kama kamera."

Akasema, "Aa, mtindo. Sawa." Akanilipa nusu iliyobaki. Alihesabu noti mara mbili asije akanipunja.

Kweli mtindo huo unampa mchoraji uhuru. Unaweza kumpa tembo rangi ya buluu na ndege macho makubwa kuliko kichwa. Lakini anayempaka tembo buluu anajua tembo si wa buluu, ameamua. Mimi sikuamua chochote. Sikujua, nikajificha nyuma ya marehemu ambaye hawezi kuja kunikana.

Baada ya hapo nilianza kwenda mazizini alfajiri, kwa wafugaji wengine, nikiona haya kupita kwake. Ilinichukua karibu mwezi kulipata lile tendo la kutulia katikati, makalio juu, pua karibu na ardhi. Nikachora picha nyingine, nikampelekea pamoja na hela zake.

Picha yangu ya kwanza niliikuta mlangoni pa banda la vitoto vya mbuzi, imeegeshwa kuzuia mvua. Rangi ya mafuta hailowi. Nundu ilikuwa bado inang'aa.

Mzee aliipokea ile mpya kwa mikono miwili. Hela akazirudisha mfukoni mwangu mwenyewe. Akaitazama picha, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huyu anajua kuinuka," akasema. "Ila si yeye."