Diski Iliyojaa Ofisini

Juma hili kompyuta ya ofisi yetu hapa Nyabibuye, inayotumia Linux, ilikataa kupokea majina ya wabatizwa: diski imejaa. Tulishauriwa kufuta picha za zamani za parokia. Hatukukubali, kwa kuwa hazina nakala nyingine.

Amri df -h ilithibitisha asilimia 100. Kisha sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h ikapanga folda, kubwa zikija mwisho. Tukashuka kutoka /var hadi /var/log, tukakuta faili moja, syslog, la gigabaiti 61, limejaa lalamiko lile lile la printa. Picha zote hazifiki gigabaiti 3!

Kulifuta kwa rm kusingerudisha nafasi papo hapo, maana programu inayoliandika ingali imelishika. Tulilimwaga kwa sudo truncate -s 0 /var/log/syslog. Printa tumeichomoa. Vyeti vya Jumapili tutaviandika kwa mkono.